Kipimo cha Haraka kwa Wafungwa na Wanaojidunga: Kazi Inayobaki ni Yetu

(Haya ni mazungumzo ya kamati yetu ya afya na maendeleo mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa kanisa. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)

 

Tunawashukuru kwa kuacha palizi mkaja. Tunajua ya kwamba barua ya mwaliko ilipofika vijijini, wengine waliuliza, "Mambo ya wafungwa na mateja yanatuhusu nini? Sisi tuna mbuzi wetu, tuna kuku, tuna mzunguko wetu wa pesa." Swali hilo ni halali. Basi tulijibu kwanza, ndipo tuendelee.

Wao ni nani?

Kati yetu tulioketi hapa, ni nani hana mtoto, mpwa au jirani ambaye amewahi kulala jela, hata kama ni majuma mawili tu rimandi kwa kukosa pesa za dhamana? Na ni nani hajui kijana aliyekwenda Mombasa, Malindi au Ukunda kutafuta kazi, akarudi amekonda, hataki kuongea na mtu, na vyombo vya nyumbani vikaanza kupotea kimoja kimoja? Hatutaki mtu ainue mkono. Kila mmoja ajijibu moyoni.

Tena tukumbuke jambo hili: wafungwa walio wengi hutoka. Wako wa vifungo vifupi, wako mahabusu wanaongoja kesi zao. Mtu huyo hulala amebanana na wenzake, huvuta hewa yao, hushiriki maradhi yao. Kisha siku moja lango linafunguliwa, anapanda matatu, anashuka katika kituo chetu. Kwa hivyo afya ya mfungwa ni afya ya kijiji.

Katika Mathayo sura ya 25, Bwana anajihesabu pamoja na wafungwa. Aliyemtembelea mfungwa amemtembelea Yeye. Hakutuagiza kumwuliza kwanza aliiba nini.

Kwa nini hatari yao ni kubwa

Heroini, ambayo vijana wetu huiita unga, ilianza kuonekana katika pwani yetu miaka ya 1980. Kwanza watu waliivuta kama sigara. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 wengi wakaanza kujidunga kwenye mshipa, na hapo ndipo UKIMWI ulipopata njia fupi. Sindano ikitumiwa na mtu mwenye virusi, damu kidogo hubaki ndani yake. Anayeipokea anajitilia damu hiyo moja kwa moja mwilini. Hata kijiko cha kuchanganyia na maji ya kusuuzia vinaweza kubeba maradhi, hasa homa ya ini aina ya C.

Mwaka 2005 watafiti wa Dar es Salaam waliandika juu ya jambo lililowashtua wengi. Baadhi ya watumiaji, hasa wanawake, walikuwa wakivuta damu yao kwenye bomba baada ya kujidunga, kisha wakimpa mwenzao asiye na pesa ajidunge damu hiyo, wakiamini ina unga ndani yake. Walifanya hivyo kwa kuhurumiana, maana walijua mateso ya arosto. Jamani, tazameni jinsi huruma isiyo na maarifa inavyoweza kuua.

Hesabu nazo zinasema. Makadirio ya mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI ya mwanzoni mwa miaka ya 2010 yalionyesha kwamba karibu watu 18 katika kila 100 wanaojidunga walikuwa na virusi. Wakati huo huo, uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta kati ya watu wazima wote ni chini kidogo ya 6 katika kila 100. Na wanawake wanaojidunga ndio wameumia kuliko wanaume, kwa sababu wengi hulazimika kuuza miili yao ili wapate pesa za unga.

Jela nayo ina njia zake. Wembe mmoja hunyoa vichwa vingi. Watu huchorana chale kwa sindano moja. Tena yako mahusiano ya mwili kati ya wanaume, mengine kwa kukubaliana, mengine kwa nguvu. Kanisani hatupendi kuyataja haya, lakini tukinyamaza hayataondoka. Juu ya yote kiko kifua kikuu, ambacho hupenda mahali penye watu wengi na madirisha madogo. Mwenye virusi ambaye hajaanza dawa, akikutana na kifua kikuu, huanguka upesi.

Zamani ya kungoja majibu

Wenye umri wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa miaka ya 1990. Mtu alitolewa damu mkononi, chupa ikapelekwa maabara ya hospitali kubwa, akaambiwa, "Rudi baada ya majuma mawili." Wengi hawakurudi. Mwenye nyumba, mke na shamba alishindwa kurudi kwa hofu. Je, yule asiye na mahali pa kulala?

Tufikirie mahabusu. Leo yuko rimandi, juma lijalo kesi yake inafutwa au anahamishiwa gereza jingine. Majibu yake yanafika, yeye hayupo. Tufikirie na anayejidunga. Siku yake yote inazunguka unga: kuutafuta, kuutumia, kuutafuta tena. Hawezi kushika miadi ya majuma mawili. Tena mishipa yake imeharibika. Mwuguzi humchoma hapa na pale akitafuta damu, na kijana huondoka kwa aibu na uchungu.

Ndiyo maana kipimo cha haraka kilikuwa ukombozi kwa watu hawa. Kilianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 pamoja na vituo vya ushauri na kupimwa kwa hiari, vile tunavyoviita VCT. Kinahitaji tone moja tu la damu ya kidole. Hakihitaji umeme wala maabara. Kinaweza kufanyiwa zahanati ya gereza, chini ya mwembe, au kibarazani karibu na maskani ya vijana. Na majibu hutoka mtu akiwa bado amekaa.

Kinavyofanya kazi

Kifaa chenyewe ni kidogo, hutoshea kiganjani. Tone la damu huwekwa upande mmoja pamoja na matone ya dawa yake, kisha watu hungoja kama dakika 15 hadi 20, kufuatana na aina ya kifaa. Mstari mmoja huonyesha kwamba kifaa kiko sawa. Usipotokea, kifaa hicho hutupwa, kingine hutumiwa. Mstari wa pili ukitokea, ni dalili kwamba huenda virusi viko.

Tumesema "huenda" kwa sababu. Kipimo hiki hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili umewatuma kupigana na virusi. Kwa hivyo yako mambo mawili ya kushika.

La kwanza, mwili huchukua muda kuandaa askari hao. Mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kupimwa leo na kipimo kikasema hana. Basi aliyeshiriki sindano hivi karibuni arudie kupimwa, na miezi 3 ikishapita tangu hatari ya mwisho, jibu lake ni la kuaminika.

La pili, kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu ana virusi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba asiambiwe hivyo mpaka vipimo 3 tofauti, kimoja baada ya kingine, vikubaliane. Kenya nayo imechukua utaratibu huo. Mtu akikwambia amepimwa mara moja barabarani akaambiwa ana UKIMWI, mpeleke kituo cha afya apimwe kwa utaratibu kamili.

Kiko pia kipimo cha kujipima mwenyewe, ambacho serikali ilikizindua mwaka 2017. Ni kizuri kwa mwenye haya. Lakini kikionyesha mistari miwili, ni lazima mtu aende kituoni kuthibitisha. Na aliye tayari kwenye dawa za ARV asikitumie kujaribu kama amepona, kwa maana kinaweza kumdanganya.

Hiari mahali pasipo na hiari

Hapa tunaomba tutulie kidogo.

Sheria ya Kenya ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza mtu kumlazimisha mwingine kupimwa. Inataka mtu ashauriwe kabla na baada. Inakataza pia kutangaza majibu yake. Mahakama inaweza kuagiza apimwe mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la ubakaji na makosa ya aina hiyo, lakini hiyo ni njia ya pekee. Mfungwa wa kawaida ana haki ya kusema ndiyo au hapana kama sisi.

Lakini jela ni mahali ambapo mtu huambiwa simama, husimama, kaa, hukaa. Akiambiwa "nyoosha kidole" mbele ya askari, atakataaje? Kwa hivyo wanaotoa huduma hii hawana budi kuwa na chumba chenye mlango, askari akae mbali asipoweza kusikia, na mfungwa aelezwe wazi kwamba akikataa hatanyimwa chakula, wala kazi, wala matibabu. Mwenye virusi naye asitengwe chumba chake kama mwenye ukoma wa zamani, kwa maana wote watajua.

Siri ikivuja jela, mtu hana pa kukimbilia. Kijijini ukisengenywa unaweza kuhamia kwa mjomba. Jela utalala na wale wale wanaokucheka, usiku baada ya usiku.

Wanaojidunga nao wana hofu yao: polisi. Wakiona orodha ya majina wanatoroka. Na hofu hiyo ya orodha si ya mateja peke yao. Mwaka 2015 serikali iliagiza zikusanywe orodha za watoto wa shule na watu wengine wenye virusi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilivunja Katiba. Tunalitaja ili kila kikundi kijue: jina la mtu na majibu yake si mali ya chifu, wala ya pasta, wala ya mwenyekiti.

Baada ya kipimo

Tuseme sasa kijana amepimwa, amepatikana ana virusi. Tangu mwaka 2016 utaratibu wa Kenya ni kwamba kila mwenye virusi aanze ARV mara moja, bila kungoja augue. Akimeza dawa kila siku, virusi hupungua hata kipimo cha damu kisivione. Mtu wa namna hiyo huishi miaka mingi, na hamwambukizi mwenzake kwa njia ya unyumba.

Aliyepatikana hana naye asiachwe hivi hivi. Ziko dawa za kumkinga asiambukizwe. Iko mipango ya sindano safi, iliyoanza nchini katika miaka ya 2012 na 2013. Na iko methadoni, dawa ya maji ambayo mtu huinywa kila siku mbele ya mhudumu, ikatuliza arosto bila kumlevya wala kumdunga. Ilianza hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa mwaka 2014, na mwaka 2015 ikafika Malindi na Kisauni. Baadaye ilifikishwa hata ndani ya gereza la Shimo la Tewa.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaijui. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hupunguza nguvu ya methadoni mwilini. Kijana akiwa kwenye zote mbili anaweza kupatwa na arosto, akarudia unga, nyumbani mkamlaumu bure. Asiache dawa yoyote. Aambie kliniki zote mbili anatumia nini, wampangie kipimo chake upya.

Kati ya mwaka 2012 na 2015 ulifanywa utafiti Nairobi na huku Pwani kwa watu wanaojidunga. Walipimwa kwa kipimo cha haraka hapo hapo walipo, na wenye virusi walipewa wenzao, watu wanaoyajua maisha hayo, wa kuwasindikiza hadi kliniki. Sisi tunaona hekima katika mpango huo. Aliyepima hakumpa mtu karatasi na kumwambia "nenda." Alimpa mtu wa kwenda naye.

Siku ya lango

Sasa tumefika penyewe.

Tuchukue mfano. Kijana alikamatwa, akakaa miezi 8 gerezani. Huko alipimwa, akaanza ARV, akanenepa, akasahau unga. Asubuhi moja kesi inaisha, anaambiwa, "Wewe nenda nyumbani." Anatoka na nguo aliyokamatwa nayo. Hana barua ya kliniki, hana dawa, hana nauli. Simu ya mamake ameisahau. Anaowakuta stendi ni wale wenzake wa zamani, na wao wanampokea kwa furaha kuliko kanisa.

Yako mambo mawili yanayomngoja hapo. Moja ni kukatiza dawa. Akikaa bila ARV, virusi huamka tena, na akizimeza leo na kuziacha kesho virusi hujifunza kuzishinda. La pili huua haraka zaidi. Mwili wake umeshasahau unga. Akitumia kipimo kile kile alichokuwa akitumia zamani, pumzi inakata. Majuma mawili ya kwanza baada ya kutoka jela ndiyo yenye hatari kubwa ya kufa kwa kuzidisha dawa.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni mpya za kuwatunza wafungwa, zikaitwa kwa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27. Zinasema matibabu ya mfungwa yawe sawa na ya watu walio nje, na yaendelee bila kukatika, pamoja na ya UKIMWI, kifua kikuu na uraibu. Kanuni ni njema. Lakini kanuni haiwezi kusimama langoni kumpokea mtu. Anayesimama langoni ni mamake, au ni mtu wa kikundi.

Tena tusijidanganye kwamba mashirika yatafanya kila kitu. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vituo vingi vilivyohudumia wanaojidunga nchini vikapata pigo, vingine vikafunga milango. Aliyezoea kupimwa na kushauriwa pale alikuta kufuli. Msaada wa mbali ni kama mvua, huja na huenda. Kisima ni chetu.

Kikundi kifanye nini

Hatuwaombi mwe madaktari. Tunaomba mambo haya, ambayo kikundi cha watu 15 kinaweza.

1. Kila kikundi kichague watu wawili wa kutembelea wafungwa wa kijiji chake, mwanamume na mwanamke, watu wanaojua kufunga midomo. Waulize gerezani siku na utaratibu wa kutembelea. Wasimwulize mfungwa majibu yake. Wamwambie tu, "Ukiwa na dawa unazotumia, siku ya kutoka usiondoke bila barua ya kliniki na dawa za kukufikisha."

2. Katika mzunguko wa pesa, wekeni kando kidogo, hata shilingi 20 kila mwanachama kwa mwezi. Watu 15 ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa na shilingi 3,600 kwa mwaka. Itatosha nauli za wachache kutoka langoni hadi nyumbani, na kutoka nyumbani hadi kliniki.

3. Juma la kwanza msindikize kliniki. Kaa naye benchi. Wengi hukimbia wakiwa kwenye foleni.

4. Mkipata sindano iliyotumika nyumbani, chini ya godoro au kwenye makuti, usiifunike tena kwa kifuniko chake, maana hapo ndipo watu hujichoma. Itie kwenye kopo au chupa ngumu, funga, peleka dispensari. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Iko dawa ya kuzuia maambukizi, lakini ni lazima ianze kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28.

5. Ukimkuta kijana amelala haamki, anakoroma vibaya au pumzi zimekuwa chache, midomo imekuwa rangi ya samawati, usimtie maziwa wala maji mdomoni. Mlaze ubavu, ita msaada, mkimbize hospitali, waambie wazi ametumia nini. Iko dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudisha. Aibu isiwafanye mkachelewa.

6. Kijana akianza kupata nafuu, mpeni kazi ndogo ya kikundi: kukata majani ya mbuzi, kuchota maji ya bustani. Msimpe sanduku la pesa mwezi wa kwanza. Hilo si kumtenga, ni kumwondolea jaribu.

Maswali yaliyoulizwa

Baada ya mazungumzo watu waliuliza mengi. Tunaandika matatu.

Mzee mmoja aliuliza: "Kugawa sindano safi si kuwaambia waendelee? Kanisa litasemaje?"

Tulimjibu: Mzee wetu, baadhi ya viongozi wa dini walisema hivyo hivyo mpango huo ulipotangazwa mwaka 2012, na tunaielewa hofu yao. Lakini anayejidunga hangoji sindano yetu. Akikosa safi, atatumia ya mwenzake. Tunataka aache, na tunamwombea aache. Ila ni lazima awe hai ndipo aache. Na sindano ile safi humleta kwa mhudumu, ambaye humpima, humshauri na kumwonyesha mlango wa methadoni.

Mama mmoja aliuliza: "Katika kikundi chetu tunataka kuandika sheria, kila anayetaka mkopo apimwe kwanza, ili pesa zisipotee. Ni vibaya?"

Tulimjibu: Mama, tunajua uchungu wa mkopo usiolipwa. Lakini sheria ya 2006 haikubali kumlazimisha mtu kupimwa, na mtu mwenye virusi anayemeza dawa zake hulima na kulipa kama mwingine. Mkiandika sheria hiyo, watakaokimbia kikundi ni wale wanaohitaji kupimwa. Angalieni kazi ya mtu, ahadi yake na wadhamini wake. Hivyo ndivyo mkopo hulindwa.

Kisha mama mwingine alisimama, hakuuliza, alisema tu: "Mwanangu yuko ndani. Nimekuwa nikisema yuko Nairobi anafanya kazi." Ukumbi ulinyamaza. Mwenyekiti wa kikundi chake akasema, "Basi siku ya kutoka tutakwenda wote wawili." Hatukuwa na neno la kuongeza.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mtu akitoka jela, nani humpokea wa kwanza? Kwa nini?

2. Kituo gani cha karibu hupima, na kipi hutoa ARV? Nani kati yetu anaijua njia, siku na saa zake?

3. Je, mtu akitueleza siri yake leo katika kikundi hiki, itafika kisimani kabla ya jioni? Tufanye nini ili isifike?

4. Ni nani wawili tutakaowatuma gerezani, na tarehe gani?

Ndugu wapendwa, kipimo kinachukua dakika 20, na ni kazi ya mhudumu. Miezi na miaka inayofuata mtu huyo anaishi nasi. Swali la 4 hapo juu msiliache mpaka mkutano ujao. Andikeni majina mawili katika kitabu cha kikundi kabla hamjafunga kwa sala.